Mjadala: Regulata uifungue mwenyewe, au fundi mwenye cheti peke yake?

Pweza Mweusi (mtoa hoja)

Wakuu, naleta pendekezo tulichambue. Vituo vyote vya kuzamia, kuanzia Watamu na Diani hadi Nungwi, Pemba na Mafia, visimpandishe botini mtu mwenye regulata (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi chini ya maji) yake binafsi mpaka aonyeshe karatasi ya fundi aliyesomeshwa na kampuni iliyoitengeneza, tena ya ndani ya miezi 12.

Sababu yangu ni moja tu. Kifaa hiki kinapokea hewa ya bar 200 (bar ni kipimo cha presha) kutoka kwenye mtungi. Hatua ya kwanza inaishusha mpaka bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka, halafu hatua ya pili inakumalizia mdomoni kiasi unachovuta. Kinachozuia hizo bar 200 ni kipande cha plastiki kidogo kuliko kifungo cha shati, yaani siti, kikikaa juu ya ukingo mwembamba wa chuma. Mtu aliyetazama video mbili akiupitishia ukingo ule bisibisi, basi. Hata akiweka siti mpya kumi, hewa itavuja tu.

Spana ya Shaba

Napinga, mkuu. Karatasi haizibi siti. Watengenezaji wenyewe hawakubaliani kuhusu muda: wengi waliandika mwaka mmoja au mbizi 100, wengine sasa wanasema miaka miwili. Kwa hiyo hiyo miezi 12 yako umeitoa wapi?

Halafu kazi yenyewe si uchawi. Hatua ya kwanza ya diaframu (utando unaosukumwa na presha), kwa mfano: toa presha yote kwa kubonyeza kitufe cha hatua ya pili, fungua mipira ya kupitishia hewa kwa spana inayokaa sawasawa (spana bambataa, ile ya kurekebisha mdomo, inakula kona), kisha fungua kifuniko na utoe springi, diaframu, siti. Oringi, yaani pete za mpira za kuziba, zitolewe kwa kijiti cha shaba au plastiki. Kamwe usitumie sindano ya chuma. Mchirizo mmoja kwenye kitanda cha oringi utavujisha maisha yote, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, wala si kwenye siti.

Chuma chenye kromu kiloweke kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, dakika 10 hadi 15, suuza kwa maji baridi, kausha. Usikiache usiku kucha, kromu itabanduka. (Na siyo juisi ya ndimu yenye nyama zake, jamani.)

Wakati wa kurudisha, weka grisi kidogo mpaka oringi ing'ae, isionekane ute. Plagi na mipira ikazwe takriban Nm 5, yaani mkono mmoja bila kutunisha msuli.

Bi Matumbawe

Spana, umeeleza vizuri ila umeruka sehemu inayoua. Grisi gani? Grisi ya silikoni inafaa kwa hewa ya kawaida. Mtungi ukiwa na mchanganyiko wa oksijeni inayozidi asilimia 40 unahitaji grisi maalumu isiyoshika moto na vipuri vilivyosafishwa kwa ajili ya oksijeni. Na wapo wanaotia mafuta ya cherehani eti "yalainishe". Mafuta kwenye oksijeni ya presha kubwa yanawaka, na ukifungua valvu kwa pupa ndiyo umepiga kiberiti. Hiyo hiyo grisi ya silikoni ukiipaka kwenye diaframu na vali za kutolea pumzi ambazo nazo ni za silikoni, zinavimba na kupinda.

Pili, oringi. Duka la vipuri vya haidroliki litakuuzia yenye kipimo kinachofanana na ile ya uso wa valvu, namba 014, lakini ya ugumu wa Shore 70 badala ya 90. Kwa macho ni ileile. Chini ya bar 200 inasukumwa nje ya kitanda chake na kupasuka kwa mlio.

Siungi mkono karatasi ya miezi 12. Lakini nani atamkagua huyu wa nyumbani?

Spana ya Shaba

Dada, kwenye grisi nakubali, nimekosa. Kwenye ukaguzi, geji itamkagua.

Presha ya kati inapimwa kwa geji ndogo inayochomekwa kwenye mpira wa jaketi ya kuelea. Fungua mtungi polepole, bonyeza kitufe mara 10 au 20, kisha acha. Sindano isimame mahali pamoja, tuseme 9.5. Itazame dakika 5. Ikikaa, siti ni nzima. Ikipanda kidogokidogo, 9.7, 10, 10.5, siti inapitisha, na baada ya muda utaisikia hatua ya pili ikizomea yenyewe. Rudia mtungi ukiwa na bar 50, maana hatua za kwanza za pistoni zisizo na mizania (zisizojisawazisha na presha ya mtungi) hubadilisha presha mtungi unapopungua.

Tahadhari moja: usiwashe hatua ya kwanza ikiwa na geji peke yake. Lazima hatua ya pili ya kawaida iwe imefungwa, kwa sababu siti ikishindwa kabisa ndiyo itakayopumua presha nje. Bila hiyo, kitakachopasuka ni mpira au geji usoni kwako.

Nahodha wa Kaskazi

Mnabishana regulata, hewa yenyewe je? Kompresa ikivuta hewa karibu na ekzosti ya jenereta, regulata safi itakuletea kaboni monoksidi safi. Kiwango cha Ulaya, EN 12021, kinaishia sehemu 5 kwa milioni. Nani anapima?

Pweza Mweusi

Nahodha, hoja nzito, ila ifungulie uzi wake.

Nahodha wa Kaskazi

Haihitaji uzi wake. Toa kichujio cha shaba pale hewa inapoingilia hatua ya kwanza ukitazame. Unga mweupe ni aluminiamu ya mtungi inayolika. Wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Kijani ni maji yaliyoingia, mara nyingi kwa sababu mtu aliloweka regulata bila kufunga kifuniko cha vumbi. Weusi ni mkaa au mafuta ya kompresa. Mwenye regulata anayekijua kichujio chake anagundua kituo kibovu kabla ya yeyote. Mkimkataza kukifungua, mnamfumba macho.

Bi Matumbawe

Hapo umenigusa, Nahodha. Lakini naomba tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa: mapafu yangu na mapafu ya mwenzangu. Wanaosema "ni kifaa changu, nikifa nimejiua" wanasahau oktopasi. Hatua ya pili ya akiba ile ya njano si yako, imebebwa kwa ajili ya mwenzako akiishiwa. Kwenye mita 30 presha ni mara nne ya juu, hivyo anayevuta lita 20 kwa dakika nchi kavu anavuta 80 kule, na mwenye hofu anazidi hapo. Oktopasi iliyorekebishwa ngumu ili isivuje itamsumbua mtu wakati huo huo.

Mgeni aliyekodi naye hakuchagua fundi. Vya kukodisha viende kwa fundi, sibishani na mtu.

Spana ya Shaba

Vya kukodisha sawa. Mitungi pia, nami siigusi: kipimo cha maji (mtungi kujazwa maji na kutiwa presha) kila baada ya miaka 5 ni kazi ya wenye mashine. Valvu vilevile. Valvu ya M25x2 (thredi ya milimita 25) inaingia kwenye mtungi wa thredi ya robo tatu inchi, inashika meno machache, unadhani umekaza. Wakati wa kujaza inaruka kama risasi. Kisome kilichogongwa shingoni na kwenye valvu, visipolingana acha.

Kwa oktopasi, kuna kipimo cha bure. Regulata ikiwa haina presha na kifuniko cha vumbi kimefungwa, weka mdomoni uvute. Isitoke hewa hata kidogo, na mdomo ubaki umenyonywa. Ikiingia hewa, basi chini itaingia maji: ama diaframu imetoboka, ama punje ya mchanga imekaa chini ya vali ya kutolea pumzi. Hiyo hata mtoto wa shule anaweza kuifanya ufukweni.

Pweza Mweusi

Nimewasikia, narekebisha hoja. Karatasi ibaki kwa vifaa vya kukodisha. Kwa mwenye chake, kituo kiwe na geji ya presha ya kati pale pale penye mitungi: dakika 5 kwenye bar 200, kuvuta kavu kwa hatua zote mbili za pili, na kichujio kutazamwa kwa tochi bila kukitoa. Yeyote aliyeifungua, awe fundi au mwenyewe, anapita hapo.

Bi Matumbawe

Naunga mkono, kwa sharti kwamba oktopasi ipimwe na mwenzake wa kuzamia. Mwenye nayo atasema ni laini hata kama ni jiwe.

Nahodha wa Kaskazi

Na boti ya saa mbili asubuhi yenye watu kumi? Dakika 5 mara kumi ni karibu saa nzima, maji yanakupwa.

Spana ya Shaba

Geji tatu, Nahodha. Na wapime jioni ya kuamkia siku hiyo, wakati mitungi inajazwa.