Mzee mwenye ALS amebadilika ghafla

Swali: Shikamooni wakubwa. Tupo Uyole. Baba ana ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, hata ya kupumua. Tangu juzi amelegea, anasinzia mchana, asubuhi kichwa kinamuuma. Ndiyo ugonjwa umepanda?

Jibu: Marahaba. ALS hushusha mtu taratibu. Akiporomoka kwa siku mbili, tafuteni kingine: nimonia ya chakula kilichompalia, UTI, kukaukiwa maji. Ila hilo la kichwa na usingizi linanitisha zaidi. Huenda pumzi haitoshi, kabonidayoksaidi (hewa chafu tunayoitoa tukipumua) inabaki mwilini. Hospitali leo hii.

Jibu: Naongezea: tajeni ALS mapema. Oksijeni peke yake inaweza kumzidishia usingizi. Huenda akahitaji BiPAP, mashine ya kusukuma pumzi. Njiani asilale chali. Akisinzia msimlishe, hata uji.

Jibu: Jiko la mkaa lipo chumbani? Litoeni. Gesi yake ya sumu isiyoonekana, kaboni monoksaidi, nayo huumiza kichwa.