Kilo ya moshi ya Agosti na kilo ya moshi ya Januari zihesabiwe sawa? Mjadala wa hewa ya Surat

Wakuu, habari za leo.

Anayeuza vitambaa Kariakoo hahitaji kuelezwa Surat ni wapi. Kwa wengine: ni mji wa viwanda kwenye mto Tapi, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Mwaka 2019 bodi ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi ilianzisha pale soko la vibali vya moshi, la kwanza duniani kwa chembechembe za vumbi. Wahusika ni viwanda vinavyochoma makaa ya mawe na lignaiti (makaa laini ya kahawia), vingi vikiwa vya kutia rangi na kuchapa vitambaa.

Linaendeshwa hivi. Bodi inaweka kikomo cha pamoja cha chembechembe ambazo viwanda vyote vinaweza kutoa. Kibali kimoja ni kilo moja ya chembechembe. Vingi vinagawiwa bure, vinavyobaki vinapigwa mnada, halafu wenye viwanda wanauziana. Mashine iliyofungwa kwenye dohani inapima mfululizo na kutuma takwimu. Ukizidisha kuliko vibali ulivyonavyo, unakatwa kwenye dhamana uliyoweka.

Wapo wanaosema huku ni kuuza ruhusa ya kuua watu polepole. Mimi siko upande huo. Wachumi walilinganisha viwanda zaidi ya 300, nusu sokoni na nusu kwenye utaratibu wa zamani, na vya sokoni vikapunguza chembechembe kwa asilimia 20 hadi 30. Utaratibu wa zamani ulikuwa wa mkaguzi kupita mara mojamoja, na adhabu zake, kufungiwa kiwanda au kushtakiwa, zilikuwa nzito kiasi kwamba mara nyingi hazikutolewa kabisa. Hiyo tunaijua hata sisi.

Shida yangu ni majira. Juni hadi Septemba upepo unatoka kusini-magharibi, umebeba mvua ya bahari, hewa inaoshwa. Kuanzia Novemba unageuka na kuvuma kutoka bara, ndiyo kaskazi ileile iliyoleta majahazi ya Gujarat mpaka Unguja. Usiku ardhi inapoa, hewa ya baridi inalala chini, ya joto inakaa juu yake, na moshi wa alfajiri haupati pa kupandia. Pale Pandesara, ambako viwanda na makazi ya vibarua vimebanana, unabaki usawa wa madirisha. Kilo iliyotoka Agosti mvua inaishusha. Ya Januari inaingia vifuani. Kwenye daftari la soko, zote ni kilo moja.

Kiwango cha India cha chembe ndogo kabisa, PM2.5, ni mikrogramu 60 kwa mita ya ujazo kwa siku. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema 15. Baridi inapozidisha, wastani wa mwaka unashushwa na miezi ya mvua, basi wakubwa wanapumua.

Hoja yangu: kikomo kibanwe zaidi Novemba hadi Februari, kilegezwe wakati wa mvua. Mnasemaje?

Fundi Cherehani: Mkuu, napinga. Majira ya baridi ndiyo msimu wa harusi kule, oda za sari zinamiminika. Ukiminya vibali, tajiri hataumia. Ataumia kibarua aliyetoka Odisha, jimbo la mashariki mwa India, analipwa kwa kazi aliyofanya. Boila ikizimwa na yeye njaa. Halafu mbona dohani tu? Malori, vumbi la barabarani na wanaochoma taka hawaulizwi kibali.

Bi Pazia: Mimi nina lingine. Soko linahesabu jumla ya mji, halijali moshi unatokea mlangoni kwa nani. Kiwanda chenye fedha kitanunua vibali na kuendelea kufuka palepale jirani na shule. Jumla itapungua, watoto wale hawatauona unafuu.

Mleta mada: Fundi, la vibarua ni zito, sikatai. Ila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikifika viwanda vingi vya Surat hufunga na vibarua hurudi kwao, na matajiri hupanga oda zao kuzunguka tarehe hizo bila kufilisika. Kalenda wanaijua. Na si lazima kuzima boila. Viwanda vingi tayari vina vichujio, kinachokosekana ni matunzo: mifuko ya kuchujia imetoboka, au vumbi lililonaswa halimwagwi kwa wakati. Kikomo cha baridi kikijulikana mapema, mifuko inabadilishwa Oktoba na kazi inaendelea. Gharama hiyo ni ya tajiri.

La malori na taka ni kweli, lakini lisiwe kichaka cha kujifichia. Mumbai, kusini ya hapo, Januari 2025 Mahakama Kuu iliwapa waoka mikate miezi sita waache kuni na makaa. Kama muuza mkate anabanwa, mwenye boila ya makaa ya mawe aachwe kwa sababu barabara nayo ina vumbi?

Bi Pazia, hapo umenishika. Kikomo cha msimu hakitibu hilo. Labda iwepo pia dari ya kila dohani, ambayo hata ukiwa na gunia la vibali huivuki. Lakini ukiweka dari nyingi, biashara ya vibali inakufa, na tunarudi kumngoja mkaguzi. Wewe ungeiweka wapi?