Tupeane uzoefu: kufufua trekta la mkono lililolala, kuanzia injini iliyokwama hadi siku ya kuliwasha

Spana Kumi na Nne, Kampala

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaofufua trekta la mkono nyuma ya nyumba, lile ambalo wenzetu wa Tanzania huliita pawatila. Tujikite kwenye injini ya S195, kwa sababu mengi ya matrekta haya yanabeba hiyo au ndugu zake wadogo, R175 na R180. S195 ina silinda moja iliyolala. Kipenyo ni milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 115, ujazo kama sentimita za ujazo (sisi) 815, nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Aina iliyozoeleka haina radieta: maji yanachemka kwenye beseni la juu na mvuke unaondoka na joto.

Ombi langu ni moja. Mtu akiandika "kaza vizuri" hajamsaidia mwenzake. Andikeni kipimo, hatua, na kinachoharibika mtu akiruka hatua.

Naanza na injini iliyokwama. Usiguse hendeli ya kuzungushia kabla ya kumwaga mafuta ya injini na maji. Mashine iliyokaa nje huwa na maji chini ya mafuta, kwa sababu maji ni mazito zaidi. Legeza nati ya kumwagia polepole, taratibu kabisa: kikitangulia kutoka kimiminika cheupe, maji yameingia, na mahali pa kwanza pa kushuku ni ringi mbili za mpira zinazoziba maji chini ya slivu, yaani mrija ambamo pistoni inatembea.

Fungua kichwa cha silinda. Wengi humimina dawa ya kutu kupitia tundu la nozeli (kinachopulizia dizeli ndani ya silinda) wakasubiri. Kwenye injini hii haifai, kwa sababu silinda imelala: dawa inalowesha upande wa chini tu, na upande wa juu, penye kutu ileile, unabaki mkavu. Toa tangi, ondoa dizeli na maji yote, kisha simamisha injini upande wa kichwa ukitazama juu. Ina uzito unaokaribia kilo 150, hivyo tumia cheni bloku au watu wanne wenye nguvu. Mimina mchanganyiko wa mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Tikisa chupa kila mara kabla ya kumimina, maana vitu hivi viwili havipendi kukaa pamoja. Asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo sigara na jiko la mkaa vikae mbali. Acha siku tatu, ukiongeza kinapopungua.

Baada ya hapo weka gogo la mti mgumu lenye kipenyo kidogo kuliko pistoni, gonga kwa nyundo ya wastani, huku mwenzako akisukuma flaiwili (gurudumu zito la injini) mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikisogea hata milimita mbili, rudi nyuma, ongeza dawa, sogeza tena. Usivishe bomba refu kwenye hendeli ili kupata nguvu. Kinachokatika hapo ni meno ya gia, au ringi ya pistoni inavunjika na kuchora slivu, na kazi ya siku tatu inageuka kuwa ya slivu mpya. Slivu ikisogea hata kidogo wakati wa kugonga, usijidanganye: itoe, weka ringi mpya za mpira, zipake sabuni ya maji ziteleze bila kujikunja.

Fundi Koboko

Asante mzee. Mimi nizungumzie dizeli, kwa sababu injini nyingi zinazoitwa "mbovu" zimekosa dizeli safi tu.

Tangi kwanza. Toa, tia kilo mbili hivi za kokoto ndogo zenye kona au mnyororo mfupi, tia siki hadi ifunike, tikisa, acha usiku mzima. Mwaga, suuza kwa maji yenye soda kidogo kuua asidi ya siki, suuza tena kwa maji safi, anika juani mpaka ndani pakauke kabisa, halafu suuza kwa dizeli siku hiyohiyo. Ukilala bila kutia dizeli, asubuhi kutu changa ya rangi ya machungwa itakuwa imerudi. Hesabu kokoto unapozitoa. Moja ikibaki, itaziba tundu la kutokea siku trekta liko katikati ya shamba.

Kutoa hewa: tangi liko juu, kwa hiyo dizeli inashuka yenyewe. Legeza skurubu kwenye pampu, acha itiririke mpaka povu liishe, kaza. Kisha legeza nati ya bomba la shinikizo upande wa nozeli, weka gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) kwenye nafasi ya kuwasha, inua lifti ya kupunguza mgandamizo, zungusha hendeli mpaka dizeli iruke pale kwenye nati. Kaza. Ukizungusha tena utasikia nozeli ikilia "kwek, kwek". Mlio huo ukikosekana, usiendelee kujichosha na hendeli. Kuna hewa bado, au nozeli imeganda, au pampu imechoka.

Nozeli ya S195 hufunguka kwenye shinikizo la kama megapaskali 12.5, yaani karibu mara 125 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Ipimwe kwenye mashine ya kupimia nozeli. Inatakiwa itoe ukungu na ikate ghafla, isidondoshe tone baada ya kukata. Kamwe usiweke kidole mbele yake. Dizeli kwa shinikizo hilo inapenya ngozi, na kidonda kidogo kama cha sindano kinaweza kumpotezea mtu mkono. Ikitokea, mtu aende hospitali saa hiyohiyo hata kama haumwi.

Jambo moja dogo linalosahaulika ni washa, pete bapa ya shaba, chini ya nozeli. Iwe moja tu. Mbili zinainua nozeli, dizeli inapiga mahali pasipo pake, na moshi hauishi. Kama huna mpya, ile ya zamani ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, ipige msasa laini. Shaba inarudi kuwa laini na inaziba tena.

Mama Mpunga, Butaleja

Fundi, hapo kwenye dizeli niongeze: jerikeni itulie saa 24 kabla ya kumimina, na sentimita tano za chini zisiingie kwenye tangi. Tumieni za kuoshea vipuri.

Sasa mikanda na matope. Trekta la kwenye mpunga kama huku Doho haliuawi na injini. Linauawa na sili za ekseli, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke na maji yasiingie. Tope linakwangua mdomo wa sili, maji yanaingia kwenye gia, mafuta yanakuwa kama chai ya maziwa, beringi zinakwisha. Kabla ya kuweka sili mpya, pitisha ukucha kwenye ekseli pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja ndani ya wiki. Isukume sili ikae milimita mbili au tatu ndani au nje ya mfereji ule, au mpelekee fundi wa mashine ya kuchonga avishe pete. Jaza grisi katikati ya midomo miwili ya sili. Ikikauka siku ya kwanza, inaungua.

Mikanda ni ya aina B, upana milimita 17 juu. Namba kama B74 maana yake ni urefu wa ndani wa inchi 74. Nunueni seti nzima ya kampuni moja. Ukichanganya mmoja mpya na miwili ya zamani, mpya ndio unabeba mzigo wote kwa sababu ile mingine imerefuka, na hautadumu. Angalieni pia sakafu ya mfereji wa puli: iking'aa, mkanda unagusa chini badala ya kubana pembeni, na hapo hata ukikaza utateleza tu. Puli hiyo imekwisha.

Kunyoosha puli: vuta uzi kutoka ukingo wa puli ya injini hadi ukingo wa puli ya klachi. Uguse sehemu nne bila nafasi. Injini inasogezwa kwenye fremu, usiipinde fremu.

Kigezi Juu

Swali wakuu. Huku Kabale trekta linatoa moshi mweusi likipanda mlima na plau, ilhali aliyeuza anasema Kampala lilikuwa safi. Je, pampu?

Spana Kumi na Nne, Kampala

Ndugu wa Kigezi, anza na hewa. Kampala iko kama mita 1200 juu ya bahari, Kabale karibu 2000. Injini isiyo na taabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo umepungukiwa na kama asilimia nane huku pampu ikimimina dizeli ileile. Hewa kidogo, dizeli nyingi: moshi mweusi. Punguza kina cha plau kwanza uone.

Kisha osha chujio la hewa. Kama ni la mafuta, osha wavu kwa dizeli, ukung'ute, weka mafuta mapya hadi alama na si zaidi. Yakizidi, injini inayavuta na kuyachoma kama dizeli. Fungua na eksozi utazame masizi. Baada ya hayo ndipo uje kwenye nozeli na majira ya pampu, yaani wakati inapoanza kusukuma dizeli. Skurubu ya kikomo cha dizeli usiifungue hata ukishawishiwa. Itakupa nguvu ya asubuhi moja na pistoni iliyoungua.

Mvuke pia usikutishe. Kwa urefu huo maji yanachemka karibu nyuzi 93. Ongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma, usimwage ndoo ya maji baridi kwenye injini iliyokauka, kichwa kitapasuka.

Fila Geji

Majira na valvu, kwa kifupi. Injini ikiwa baridi, valvu ya kuingiza iwe milimita 0.35, ya kutoa 0.45. Panga alama ya flaiwili na alama ya kwenye beseni la maji, valvu zote zikiwa zimefunga. Hakikisha ni mwendo wa mgandamizo: ukiyumbisha flaiwili kidogo huku na huku, roka (mikono inayosukuma valvu) zisitikisike. Rekebisha lifti ya mgandamizo baada ya valvu, si kabla.

Dizeli ianze kusukumwa nyuzi 16 hadi 20 kabla ya pistoni kufika juu. Kuna vibati vyembamba chini ya pampu: ukiongeza, dizeli inachelewa, ukipunguza, inawahi. Mkifungua kifuniko cha gia, pigeni picha ya alama zote. S195 ina shafti mbili za kusawazisha mtikisiko, na gia zake zina alama. Ukiruka jino moja injini itawaka, lakini itatikisika mpaka bolti za fremu zilegee, na utalaumu fremu bure.

Msasa na Rangi, Jinja

Kutu ya nje: pipa la plastiki la lita 20, vijiko vitano vya soda ashi, chaja ya betri ya volti 12. Hasi kwenye kipuri chako, chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, visigusane. Ampea 2 hadi 10 zinatosha, saa 12 hivi. Chaja za kisasa hukataa bila betri, basi iunganishe betri sambamba.

Mambo manne msiyafanye. Chumvi ya jikoni usitie, inatoa gesi ya klorini. Na magadi ya sokoni mara nyingi yana chumvi ndani, hivyo bora soda ashi. Chuma kisichoshika kutu usikiweke upande wa chanya, maji yatakuwa na sumu ya kromu. Aluminiamu kama pistoni usitumbukize, inaliwa. Springi za valvu nazo hapana, haidrojeni inazifanya zivunjike. Fanyeni nje, kwa sababu haidrojeni hiyohiyo inalipuka, na zima chaja kabla ya kutoa vibanio.

Ukitoa kipuri kisuuze, kikaushe papo hapo, piga praima (rangi ya kwanza) siku hiyo.

Fundi Koboko

Kwenye kuchomelea: fimbo 6013 ya milimita 2.5, ampea 60 hadi 90 kwa mabomba ya mikono. Kibanio cha athi (waya wa kurudisha umeme) kiwe karibu na unapochoma. Ukikifunga kwenye injini huku unachoma mkono, umeme unapita kwenye beringi na kuzitoboa vitundu.

Kasha la gia ni chuma cha kumimina, usitumie 6013 hapo. Toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa, chonga mfereji, tumia fimbo ya nikeli, choma sentimita mbili tu kila mara, gonga taratibu kwa nyundo ndogo kikiwa bado moto, ngoja mpaka mkono uvumilie kugusa, ndipo uendelee. Kisha kifukie kwenye majivu makavu usiku mzima.

Spana Kumi na Nne, Kampala

Siku ya kuwasha. Mafuta ya SAE 40 au 15W-40 hadi alama ya juu ya kijiti. Zungusha mara 30 lifti ikiwa imeinuliwa ili mafuta yapande. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, hendeli ikirudi isikivunje. Ikiwaka tu, tazama kidude chekundu cha mafuta juu ya kifuniko: kisipopanda ndani ya sekunde chache, zima.

Kuwe na ubao bapa mkononi mwa mtu wa pili, karibu na mdomo wa hewa. Injini ikikimbia na gavana haiishiki, bana ubao pale mpaka izime. Msiweke kiganja wala kitambaa. Na mlango wa gereji uwe wazi, moshi huo una gesi inayoua bila kunusika.

Iache ingurume dakika 20 bila mzigo, izime, ipoe kabisa. Kaza tena nati za kichwa kwa mkingamo, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, halafu pima valvu upya, kwa maana kukaza kichwa kumebadilisha nafasi zake. Saa 50 za kwanza plau iwe ya kina kidogo, kisha mwaga mafuta yakiwa bado moto na upitishe sumaku ndani yake.