Hoti rilodi "imepita" kila toleo, nani kaitesti kweli?

Wakuu, leo naandika nimekasirika na sifichi. Kazini kwetu kila tukipandisha toleo la Flutter (zana ya kutengenezea programu za simu) kuna watu kazi yao ni kuhakikisha hoti rilodi, yaani kuingiza badiliko la kodi kwenye programu inayoendelea bila kuianza upya, bado iko sawa kabla sisi wengine hatujahamia. Wanachofanya: wanabadilisha rangi ya batani, wanabonyeza r (ndiyo ya kurilodi) kwenye terminali, rangi ikigeuka wanaandika "imepita" basi. Jamani! Rangi ya batani iko ndani ya build(), ile kodi inayochora skrini, na build() inaitwa upya kila ukirilodi, sasa hapo umepima nini?

Jana siku yangu nzima imeenda. Tuna orodha ya ada imekaa kwenye veriabo ya statiki (moja tu, inatumiwa na programu nzima), nikabadilisha 1500 ikawa 2000, nikabonyeza r, terminali ikajibu imerilodi bila shida, kwenye skrini bado 1500. Mwenzangu meza ya pili, kodi ileile, badiliko lilelile, yeye anaona 2000. Tumebishana mpaka sauti zikapanda, naambiwa simu yangu ndio mbovu. Kumbe mimi nilishafungua ukurasa wa malipo kabla sijabadilisha, yeye alikuwa bado! Dart, lugha ya Flutter, inaijaza orodha ya namna hiyo pale inapoguswa mara ya kwanza, ikishajazwa rilodi haiigusi tena kwa sababu inahesabiwa ni hali ya programu, inatakiwa ibaki. Ndivyo ilivyoundwa, hata main() na initState(), kodi za kuanzisha programu na skrini, hazirudiwi, sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni kwamba testi zetu zote zinaanza programu ikiwa mbichi. Hakuna aliyejaza fomu nusu ndio akarilodi. Hakuna aliyeacha kosa makusudi rilodi ikakataa, akarekebisha, akarilodi tena aone kama maandishi yake bado yapo. Kugeuza enum (aina yenye thamani chache zilizotajwa) iwe klasi ya kawaida, kitu kinachojulikana kabisa kinataka hoti ristati, yaani programu ianze upya, hakuna aliyejaribu aone wenzake watapata ujumbe gani.

Nimemfuata kiongozi wa timu kaniambia "we bonyeza R kubwa tu". R kubwa ndiyo hoti ristati, inafuta kila kitu kaka! Nilogini upya, nichague tawi, nijaze fomu, nifike palepale, kila nikibadilisha mstari mmoja, halafu tunasema tuna hoti rilodi.

Mnaotesti hii kitu kwenu, mnarilodi programu ikiwa imefika wapi?