Red ya King Crimson: ninunue toleo la 2009, la 2024, au nitafute santuri ya 1974?

KijanaWaBesi
Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nataka Red, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza King Crimson, kwa sauti ya hali ya juu, na naona njia tatu. Kuna toleo la 2009, lile la kuadhimisha miaka 40 ya bendi: CD na DVD-Audio, na ndani yake miksi (mpangilio wa vyombo) ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi, ya fundi Steven Wilson na Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi. Kuna toleo la 2024, albamu ilipotimiza miaka 50: CD mbili na Blu-ray mbili, zenye Dolby Atmos (sauti inayokuzunguka hadi juu), 5.1, stirio ya spika mbili, pamoja na miksi mbadala za mtayarishaji David Singleton. Halafu kuna santuri yenyewe ya kampuni ya Island ya 1974. Mimi nina ampilifaya ya kawaida, spika mbili kubwa na deki ya DVD. Albamu hii naipenda mno, na besi ya John Wetton ndiyo iliyonifanya nishike gitaa. Nawasilisha.

Fundi_Spika
Mkuu, anza na deki yako. DVD-Audio si DVD ya filamu. Sauti yake bora imefungwa kwa mfumo wa MLP, na deki ya kawaida haiusomi kabisa. Itakupigia sehemu ya DTS, mfumo wa sauti wa DVD za filamu, ambayo imebanwa na kupunguzwa. Kama deki haina nembo ya DVD-Audio kwa mbele, kwa hela ya lile toleo utakuwa umelipia kitu usichoweza kukisikia chote.

La pili ni kubwa zaidi: una spika mbili. Miksi mpya ya 2009 ni ya 5.1 peke yake. Stirio iliyomo ni miksi ileile ya 1974 iliyosafishwa. Stirio mpya ya Wilson ilikuja 2013 kwenye sanduku la The Road to Red, lile la CD 21. Kwa hiyo ukinunua la 2009, wewe unanunua miksi ya zamani. Si mbaya hata kidogo, ila ujue.

MzeeWaKaseti
Vijana, hiyo miksi ya zamani ndiyo albamu. Walirekodi studio ya Olympic, London, Julai na Agosti 1974, fundi mitambo akiwa George Chkiantz, na walikuwa watu watatu tu waliobaki: Fripp, Wetton na mpiga ngoma Bill Bruford. Geuza jalada uangalie nyuma. Utaona mshale wa mita ya sauti umeingia kwenye nyekundu. Muziki uliomo ndani ni huohuo, umesukumwa hadi unakaribia kupasuka. Ukiuchukua ukautenganisha vizuri, kila chombo na chumba chake, umeondoa lile shinikizo. Mimi nasema santuri ya 1974, au stirio ya asili kwenye CD nzuri. Hayo mengine ni ya kujifunzia.

Bi_Santuri
Mzee wangu shikamoo. Kuhusu jalada tuko pamoja, kuhusu santuri hapana. Upande wa pili una nyimbo mbili, Providence na Starless, na Starless ni dakika zaidi ya 12. Sasa fikiria sindano iko wapi wimbo unapofika mwisho: karibu kabisa na lebo, mahali ambapo mfereji unapita polepole chini ya sindano na sauti za juu zinaanza kuchakaa. Na hapo ndipo wanapoachia kila kitu, saksofoni, gitaa, ngoma, melodi ya mwanzo ikirudi kwa nguvu zote. Sehemu nzito kuliko zote imewekwa mahali dhaifu kuliko pote. Kwa Starless CD inashinda santuri, na nasema hivyo nikiwa na rafu nzima ya santuri nyumbani.

Nikuelekeze pa kusikiliza, KijanaWaBesi. Baada ya kuimba kwisha, Wetton anabaki na besi katika mapigo 13, Fripp anadonoa noti moja, anairudia, anapanda kidogo, anairudia tena. Nyuma yake Bruford anagonga vitu vidogovidogo, mara hapa mara pale. Kwenye kaseti niliyokulia nayo hivyo vitu vidogo havikuwepo, vilimezwa na mvumo wa utepe. Kwenye stirio ya Wilson unasikia kila kimoja na nafasi iliyokizunguka, na hofu inapanda kwa sababu unasikia ukimya ulioko kati yao.

Fundi_Spika
Bi_Santuri umegusa penyewe. Ila tusimpoteze kijana kwa tarakimu. Biti 16 za CD (biti ni kipimo cha undani wa sauti) zina nafasi ya desibeli kama 96 kati ya kelele na kilele, na utepe wa 1974 haufiki huko. Kilohezi 44.1, yaani sauti kupimwa mara 44,100 kwa sekunde, inabeba masafa hadi zaidi ya hezi 22,000, masikio yetu yanakoma kama 20,000, na umri ukienda yanashuka. Unachokisikia kikibadilika kati ya matoleo haya ni miksi na jinsi ilivyomalizwa. Ukitaka kuhakikisha, chukua faili la kipimo cha juu, biti 24 na kilohezi 96, lishushe hadi kipimo cha CD, sawazisha sauti zote mbili, mwombe mtu akupigie bila kukwambia ipi ni ipi.

MzeeWaKaseti
Marahaba binti yangu. Hoja ya mfereji naikubali. Ila toazi kwenye One More Red Nightmare mnieleze. Lile toazi Bruford aliliokota kwenye takataka, lina mlio mfupi, mchafu, uliopasuka. Kwangu hiyo ndiyo sahihi ya wimbo. Miksi yoyote inayolipamba nimeikataa.

Bi_Santuri
Halijapambwa Mzee, liko wazi zaidi tu. Linalobanwa ni kwenye MP3 za zamani, pale linageuka kuwa mchanga mtupu. Ninachokubali ni kwamba Providence haifaidiki sana. Ni kipande walichokibuni jukwaani Juni 30, 1974, kule Providence, Rhode Island, David Cross akiwa bado yupo bendini na fidla yake, siku moja kabla ya onyesho la mwisho Central Park, New York. Kilinaswa kwenye ukumbi, na ukumbi ndio utakaousikia, uwe na biti ngapi.

KijanaWaBesi
Nashukuru sana wote. Deki yangu nimeiangalia, nembo haina. Basi 2009 nimeiacha. Nikichukua la 2024, Blu-ray itanipa stirio kwenye ampilifaya yangu isiyo na HDMI, lile tundu la waya wa televisheni?

Fundi_Spika
Itakupa ukichagua deki sahihi. Deki nyingi za Blu-ray za siku hizi zina tundu la HDMI tu. Tafuta ya zamani kidogo yenye matundu mekundu na meupe nyuma, au yenye optiko (tundu la sauti ya mwanga) kama ampilifaya yako inapokea. Kwenye menyu ya diski chagua stirio, usiache 5.1 ikashushwa yenyewe kuwa spika mbili, maana mizani aliyoweka Wilson kwenye stirio itapotea. Na kwa kuwa mzee ametutetea miksi ya 1974, nayo imo humohumo kwenye Blu-ray. Ipige kwanza hiyo, halafu ya Wilson, sauti ikiwa juu kiasi majirani wanavyoruhusu.

MzeeWaKaseti
Hapo sina pingamizi.