Kupanda Rungwe kuchangia mabaharia: nianzie wapi?

BintiKiwira
Wakubwa shikamooni. Tarehe 25 Juni, Siku ya Mabaharia Duniani, nataka kupanda Mlima Rungwe nichangishe fedha za ustawi wa mabaharia. Najua mtauliza, Tukuyu na bahari wapi na wapi. Kaka yangu ni baharia. Meli yao ilikaa nangani miezi saba ugenini, mwenye meli hapokei simu, mshahara hakuna, maji ya kunywa wanakinga ya mvua kwa turubai. Wiki sita hatukusikia sauti yake. Mama alikuwa anachomeka simu kwenye chaji hata ikiwa imejaa.

Kumbe mtu wa kituo cha mabaharia pale bandarini alipanda boti, akawapelekea mchele, sabuni na laini za simu. Kaka alipopiga neno la kwanza lilikuwa, "Mama, umeshakunywa chai?" Mama hakuweza kujibu, alilia tu mpaka salio likaisha. Laini ile ndiyo inayonipandisha mlima.

Kibali napata wapi? Na michango ya watu niishikeje isije ikaliwa na nauli?

Mzee_Isongole
Marahaba binti, pole kwa mama. Rungwe ni hifadhi ya msitu wa asili chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, anzia kwao, wakupe kibali na mwongozaji. Ni mita 2,960 hivi. Juni mvua imepungua ila baridi ni kali, na kwenye mianzi panateleza kwa umande. Ondoka alfajiri, ukungu usikukute kileleni.

Bosun_mstaafu
Kaka yako alidai? Kwa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, mshahara usipolipwa miezi 2 baharia huhesabika ametelekezwa, na bima inatakiwa ilipe hadi miezi 4 pamoja na kuwarudisha kwao. Wengi hawajui, wanasubiri tu. Mwambie asiache.

Mama_Kikoba
Gharama za mlima toa mfukoni mwako, mchango usiguswe hata shilingi. Akaunti iwe na watia saini watatu. Na kabla hujaanza kuomba watu, kiulize kituo wanahitaji nini hasa.

BintiKiwira
Ndaga fijo, asanteni sana. Nauza magunia mawili ya viazi, nauli na kibali vitatoka humo. Mama amekubali kuwa mtia saini wa tatu. Kaka nitampigia jioni hii kuhusu hiyo bima.