Hiace inazimika ikishapata moto, fundi anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa. Ninunue?

Mwana_wa_Fuoni
Asalaam aleikum wataalamu. Nina Hiace ya petroli ya 1997, injini 1RZ-E, nabeba wageni mjini, Nungwi na Paje. Tangu masika yaishe inanifanyia kiini macho. Asubuhi inawaka kwa stata moja, inakwenda vizuri, nikifika Kinyasini hivi inakata ghafla. Haikohoi, haipigi misi, inakata kama mtu kazima ufunguo. Taa zinawaka, honi inalia, stata inazungusha, lakini haishiki. Nikikaa chini ya mwembe nusu saa inawaka kama si yeye.

Juzi nilikuwa na wageni wanne wanawahi boti ya Dar. Ikabidi niwakodie gari ya mtu, na pesa ya siku nzima ikaishia hapo.

Fundi wa kwanza kabadilisha pampu ya mafuta. Wa pili kaja na kimashine cha kupimia, soketi yake haikuingia popote, basi akasema kontroli boksi imekufa. Anataka laki nne na nusu aniletee iliyotumika kutoka Dar, na ikija isipofanya kazi hairudishwi. Nishaurini.

Waya_Mwekundu
Waaleikum salaam. Usitoe hata mia. Nijibu kwanza: ikikata, mshale wa rpm (mizunguko ya injini) unaanguka papo hapo au unashuka polepole pamoja na injini? Usiku ukiwasha taa kubwa, mshale wa temperecha unatikisika? Na gari imepita kwa fundi wa kuchomelea karibuni?

Mwana_wa_Fuoni
Shekhe, umejuaje? Rpm inadondoka sifuri na gari bado inaserereka. Temperecha inapanda kidogo nikiwasha taa na waipa, mie nikidhani ni joto tu. Na ndiyo, sakafu upande wa dereva ililiwa na kutu, nikaichomelea mwezi wa tano, ikapigwa rangi yote mpaka chini ya viti.

Jamaa_wa_Wete
Basi hapo boksi imeungua, msimzungushe mwenzenu. Aliyechomelea hakutoa betri, umeme umepita ndani. Yangu ilikufa vivyo hivyo.

Waya_Mwekundu
Yakhe, yako ilikufa ikafufuka kila baada ya nusu saa? Zipo boksi ambazo lehemu yake imepasuka zikawa zinakata kwa joto, sikatai, lakini hiyo ndiyo ya mwisho kuishuku. Mshale wa temperecha hauhusiani na taa kabisa. Ukiona taa zinausogeza, umeme unarudi kwenye betri kwa njia isiyo yake. Hiyo ni ethi, njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari.

Mwana wa Fuoni, kimashine hakikuingia kwa sababu gari hiyo haina soketi yake. Marekani ililazimisha OBD-II, yaani soketi hiyo ya kupimia, kwa magari ya kuanzia 1996, za soko la Japani hazikubanwa na sheria ile. Yako inasomwa kwa kipande cha waya. Ila usitoe betri kabla hujasoma, makosa yatafutika.

Tafuta kisanduku cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kwa ndani ya kifuniko kuna majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1, fungua swichi bila kupiga stata, utazame taa ya injini. Ikipepesa haraka haraka kwa mfululizo mmoja, hakuna kosa. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne, hiyo 14: boksi haipati jibu kutoka kwa ignita, kile kifaa kinachoamrisha koili itoe cheche za plagi. Mara moja kisha mbili ni 12, mzunguko wa injini haufiki kwenye boksi. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Soma majina vizuri, +B ikikutana na E1 utachoma fyuzi.

Halafu chukua mita, weka volti. Waya mweusi uguse ncha hasi ya betri yenyewe, si kichwa cha kebo. Mwekundu uguse bodi ya injini, mtu apige stata: isifike nusu volti. Kisha injini ikinguruma na taa zote zikiwaka, uguse chuma kinachoshika ignita. Hapo ikipita 0.2, umempata mwizi. Ignita nyingi za zama zile zinachukua ethi kupitia chuma hicho hicho.

Bi_Mkubwa_Taxi
Na ikikata njiani, kabla ya mwembe, weka tambara bichi juu ya ignita dakika tano. Ikiwaka mapema kuliko kawaida, utajua joto linaishia wapi. Angalia maji yasiingie kwenye soketi.

Mwana_wa_Fuoni
Nimerudi. Taa imepepesa moja, ikatulia, nne. Nimerudia mara tatu nisije nikajidanganya, 14 tupu.

Bodi ya injini wakati wa stata 0.3. Chuma cha ignita 1.8! Nimefungua boliti, imekaa juu ya rangi mpya, na chini ya rangi unga wa kutu unamwagika kama ugoro. Kumbe miezi yote ilikuwa imeshika kwenye nyuzi za boliti tu, na zikipata moto zinaachia. Nimepiga msasa mpaka chuma kimeng'aa, nikaongeza waya mnene hadi kwenye injini. Sasa mita inasema 0.04. Leo siku ya nne, Nungwi nimekwenda na kurudi mara tatu, jana na AC imewashwa. Haijakata. Temperecha bado inatikisika kidogo na waipa.

Waya_Mwekundu
Hiyo ni ethi nyingine, ya dashibodi, fuata waya mweupe wenye mstari mweusi mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Sehemu zote ulizosafisha zipake grisi, na unapoegesha Nungwi usiielekeze baharini. Na acha kuiosha injini kwa maji ya kisima, najua munaiosha.

Jamaa_wa_Wete
Nimekaa kimya nasoma tu. Hivi yangu mie nani aliyewahi kuipima ethi? Boksi nzima nilinunua.

Mwana_wa_Fuoni
Pole sana kaka. Mie kuna jambo jengine: yule fundi kanipigia asubuhi hii, boksi ishapanda boti, anataka nimpelekee pesa bandarini. Sikumwambia ailete. Nimjibu nini?

Bi_Mkubwa_Taxi
Mwambie irudi na boti ya saa kumi.